Maswali yenu: kuishi hoteli ya wiki kwa wiki Marekani

Tangu niseme kwamba mi nilipofika Houston niliishi wiki saba kwenye hoteli ya bei chee yenye jiko humohumo chumbani, meseji haziishi. Nimechukua nane zinazofanana na nyingine nyingi. Mengine ntajibu nikipumzika.

Nimepata kazi Houston naanza mwezi ujao, sina ndugu huko. Nitafute apatimenti moja kwa moja au nianzie hoteli? (kaka wa Arusha)

Anzia hoteli kaka. Sio kwamba nataka hela zako ziishe, ni kwamba apatimenti hawatakupa kirahisi, wanataka historia yako ya mikopo na slipu za mshahara zinazoonyesha unaingiza kama mara tatu ya pango, na we ndo kwanza umeshuka kwenye ndege, hata namba ya Social Security, ile ya serikali ya kukutambua kazini, bado. Hoteli hizi wanataka kitambulisho na kadi ya benki, basi, umeingia. Tafuta majina kama Extended Stay America, Studio 6, WoodSpring Suites, hao ndo wa bei ya chini. Bei unalipa kwa wiki na inashuka kadri unavyokaa, usafi wanakuja kwa nadra sio kila siku, na chai ya asubuhi usiitegemee. Biashara yenyewe sio ya jana, mzee mmoja mjenzi wa Wichita, Kansas, Jack DeBoer, alifungua hoteli ya kwanza ya namna hii ya Residence Inn mwaka 1975, akaja kuiuza kwa kampuni kubwa ya hoteli ya Marriott, na huyohuyo ndo baadae akaanzisha zile ambazo leo zinaitwa WoodSpring.

Sasa sikiliza hili maana ni hela. Houston kodi ya hoteli jumla ni asilimia 17, jimbo la Texas linachukua 6 na zilizobaki ni za mji na kaunti na wenzao. Tuseme chumba ni dola 60 kwa usiku, siku 30 ni dola 1,800, kodi juu yake ni 306. Lakini Texas ukiwaandikia kwa maandishi kwamba unakaa siku 30 au zaidi mfululizo, kodi hiyo hulipi kuanzia siku uliyowaandikia. Usipoandika unalipa siku 30 zote za mwanzo ndo unasamehewa zinazofuata. Ukiandika halafu ukaondoka kabla, watakudai kodi yao, na ukitoka hata usiku mmoja katikati hesabu inaanza upya. Mi nililipa mwezi mzima kama bwege, mpaka kaka mmoja Mkongo wa chumba cha tatu toka changu akaniuliza "kwani wewe hukuandika karatasi?" akacheka mpaka akakaa chini.

Jikoni kunakuwa na nini? Nibebe sufuria? (dada wa Mwanza)

Sufuria acha, beba mwiko. Nasema kweli, mwiko wa kusongea ugali kule utautafuta mpaka uchoke, vijiko vyao vya mbao ni vyembamba vinavunjika. Chumbani utakuta friji, sehemu nyingi ni kubwa kabisa la nyumbani, maikrowevu, sinki, na jiko la umeme la plate mbili. Oveni hamna. Vyombo inategemea, kwingine unaviomba risepsheni wanakupa sufuria moja na sahani mbili, kwingine hakuna kitu kabisa, kwahiyo siku ya kwanza pita Walmart au duka la mitumba kama Goodwill.

Unga chukua ule mweupe wa mahindi, umeandikwa white corn meal. Una chenga kidogo kuliko sembe yetu ila unasongeka. Usije ukabeba Maseca ukadhani umepata, ule ni wa tortilla, chapati za mahindi za Wameksiko, mahindi yake yamechemshwa na chokaa kwanza, ukisonga unapata kitu kinanukia tofauti kabisa na harufu haitoki hata ukiweka mchuzi wa namna gani.

Halafu plate zenyewe. Kama ni zile za koili nyeusi zinazojiviringisha, zinachelewa kushika moto na zikishika hazisikii, unazima na bado maziwa yanafurika. Nilichojifunza ni kuwasha zote mbili, moja kali moja ya chini, unahamisha sufuria badala ya kuhangaika na swichi. Na sufuria zao nyepesi zina mkono mmoja mrefu, ukianza kusonga tu inazunguka kama pia. Mi nilikuwa naishusha sakafuni juu ya taulo lililolowa, naibana na miguu nasonga vilevile kama bibi yangu, mtu angefungua mlango angeshangaa.

Kitu cha mwisho hapo, usiwashe maikrowevu na jiko la wali na pasi kwa pamoja, umeme utakatika chumbani na itabidi ushuke kaunta na kanga yako kiunoni.

Naweza kukaanga samaki? (wengi mno mmeuliza hili)

Unaweza. Mara moja.

Niwaambie ilivyonikuta. Nilitoka shifti saa tano usiku, nikapata tilapia wamegandishwa, nikaweka mafuta, samaki wa kwanza akaingia vizuri, wa pili alikuwa hajayeyuka barafu vizuri, mafuta yakaruka, moshi ukapanda, nikawasha ile feni ya juu ya jiko. Nilikuwa sijui kwamba feni za vyumba vile nyingi hazina bomba la kutoa moshi nje, zinauvuta zinaupitisha kwenye chujio zinakurudishia usoni. King'ora kikalia. Nikapanda kitandani na gazeti nakipepea. Dada wa risepsheni akaja, akanusa, hakusema neno, akafungua dirisha linalofunguka sentimita kumi tu maana ndo mwisho wake. Kesho yake nikakuta karatasi chini ya mlango kuhusu faini ya harufu.

Kwahiyo samaki mle wa kuchemsha au wa nazi, mfuniko juu, mafuta kidogo. Ukitaka wa kukaanga kweli nenda kwa mtu mwenye nyumba. Na kuna watu wanafunika king'ora kwa kofia ya plastiki ya kuogea, jamani msifanye, hicho kitu kinalinda jengo zima, kuna watoto wamelala chumba cha pili, na wakikukuta unaweza ukalala nje siku hiyohiyo.

Nasikia zina kunguni. (mama wa Mombasa)

Zipo zenye kunguni mama na zipo hazina, na bei sio kipimo, hata hoteli za nyota nyingi wanapata. Ukipewa funguo usiweke begi kitandani wala kwenye kapeti, liweke kwenye bafu, hapo hawana pa kushika. Halafu vuta shuka pembeni, washa tochi ya simu, angalia mshono wa godoro kwenye kona za kichwani, unatafuta madoa meusi kama nukta za kalamu, na nyuma ya ubao wa kitanda kama unafika. Ukiona, rudi kaunta hapohapo, usikubali chumba cha pembeni wala cha juu yake maana wanahama ukutani. Kama umeshalala ndo umegundua, nguo zote kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa, nusu saa. Kufua peke yake hakutoshi, kinachowaua ni joto.

Nibebe jagi langu la umeme toka nyumbani?

Hapana. Huku umeme ni volti 120 sio 230, jagi lako litapata kama robo ya nguvu yake, utachemsha chai kuanzia adhuhuri. Chaja za simu na laptopu zimeandikwa 100 mpaka 240, hizo beba, nunua tu kichwa cha kubadilisha pini.

Nimeshinda Green Card, natua Dallas naanzia hoteli. Kadi itumwe hotelini? (kaka wa Kisumu)

Usithubutu ndugu yangu. Kadi inakuja kwa posta na inaweza kuchukua wiki nyingi, we utakuwa umeshahama, na barua za hoteli zinarundikwa kwenye sanduku moja kaunta kila mtu anapekua. Toa anwani ya mtu unayemwamini ambaye hahami, hata kama yuko jimbo lingine. Na ukibadilisha anwani una siku 10 tu za kuwataarifu uhamiaji, inafanyika mtandaoni.

Niko California, siku ya 28 wameniambia nitoke usiku mmoja ndo nirudi. Kwanini? (dada, hakusema mji)

Wanakukwepa dada. California ukifikisha zaidi ya siku 30 unaanza kuhesabika kama mpangaji, na mpangaji hatolewi kwa kubadilishiwa kadi ya mlango, lazima mahakama. Ndo maana wanakuzungusha kabla hujafika. Kwa hoteli za makazi, zile watu wanaishi kabisa, sheria ya jimbo inakataza kumtoa mtu na kumwandikisha upya kwa lengo hilo. Tunza risiti zote, usitupe hata moja, na nenda ofisi ya msaada wa kisheria ya kaunti yako kabla ya hiyo siku 28, sio baada. Majimbo mengine sheria ni tofauti kabisa, kwahiyo wa Texas msije mkagomba kaunta kwa sheria ya California.

Mama mkwe anakuja wiki mbili. Naweza kumlaza humohumo?

Ukimwandikisha kaunta na idadi ya watu haijapita, anaruhusiwa. Ila chumba ni kimoja, choo kiko hatua tatu toka kitandani na mlango wake haufungi vizuri. Mchukulie chumba chake kaka.