Maswali ya Wasomaji: Mwongozaji Ananijibu kwa Maneno Mawili, Nifanyeje?

Swali: Mhariri, nimeanza kuandika habari za filamu hivi karibuni, na hadi sasa nimewahoji waongozaji watatu. Kila mara nimekwenda na orodha ndefu ya maswali, nikarudi na majibu ambayo msomaji angeweza kuyapata kwenye tangazo la filamu yenyewe. Huyu wa mwisho alikuwa akinijibu kwa maneno mawili matatu, huku akitazama saa. Nilimwuliza ni nini kilichomsukuma kuitengeneza filamu ile, ujumbe wake kwa jamii ni upi, alikumbana na changamoto gani, na ana mipango gani ya baadaye. Nimekosea wapi, na nijiandae vipi kwa mahojiano yajayo? — *Mwandishi anayeanza*

Jibu: Ndugu mwandishi, maswali yako manne hayana kosa la adabu wala la lugha. Kosa lake ni kwamba angeweza kuulizwa mtu yeyote aliyewahi kutengeneza filamu yoyote, na muulizaji akawa hajaiona hata dakika moja. Mwongozaji anayetangaza filamu mpya huyasikia mara nyingi kwa siku moja, na kabla jua halijafika utosini anakuwa ameshapata jibu la kila moja, limenyooshwa na kukunjwa kama shati lililopigwa pasi. Kwa hiyo usidhani kuwa alikudharau. Alikupimia kwa kibaba ulichokuja nacho.

Ushauri wangu ni huu: mwulize alichokifanya kabla ya kumwuliza anachokiamini. Filamu ni rundo la maamuzi, kwa mfano kamera isimame wapi, mwigizaji aingie lini, muziki unyamaze wapi, na sini, yaani tukio moja la filamu, ikatwe kabla mlango haujafungwa au baada ya kufungwa. Mtu akiulizwa juu ya uamuzi mmoja alioufanya mwenyewe, huikumbuka siku ile, hukumbuka mahali walipokuwa na hata ubishi uliozuka kati yake na wenzake, lakini akiulizwa ujumbe wake kwa jamii hutoa hotuba. Jambo la kufurahisha ni kwamba, ukimwacha aeleze kwa utulivu, kwa mfano, kwa nini hakutaka kuuonyesha uso wa mama aliyefiwa, imani yake kuhusu huzuni na heshima itajitokeza yenyewe, tena kwa maneno ambayo hajayasema kwa mwandishi mwingine.

Ili uweze kuuliza hivyo, itazame filamu mara mbili. Mara ya kwanza itazame mikono mitupu, kama mtu aliyelipa kiingilio chake, kwa sababu unahitaji kujua ulicheka wapi, ulichoka wapi na ulipotea wapi. Mara ya pili shika daftari na uandike dakika ya kila jambo lililokushangaza. Mwandishi anayesema, “Katika dakika ya 41 mama anatoka chumbani lakini kamera inabaki inakitazama kiti kitupu, je, hilo lilikuwamo kwenye mswada, au lilizaliwa siku ya kupiga picha?” amempa mwenzake kitu cha kushika mkononi. Ukiweza, nenda na picha tuli ya sini hiyo, au kipande chake kwenye simu, mkitazame pamoja. Nimeona watu wagumu wa kusema wakianza kunyoosha kidole kwenye kioo na kueleza mambo ambayo sikujua hata namna ya kuyauliza.

Usiinuke kitini majina yanapoanza kupita mwishoni. Humo utaona kama mhariri wa picha ni yule yule aliyehariri filamu zake zote zilizotangulia, kama mwongozaji aliuandika mswada peke yake, na kama watayarishaji wanatoka nchi moja au nchi tano. Kila kimoja kati ya hivyo ni swali. Fedha za kutengeneza filamu zinapotoka katika nchi kadhaa, mara nyingi huja na masharti, kama vile sehemu ya fedha hizo kutumika katika nchi ya mfadhili au baadhi ya mafundi kuajiriwa kutoka huko, na masharti ya namna hiyo yanaweza kuamua hata mahali ambapo hadithi inatokea. Soma pia mahojiano yake ya zamani, si kwa ajili ya kuyaazima maswali ya wenzako, bali ili uzijue zile hadithi ambazo ameshazichakaza kwa kuzirudia. Hizo usiziombe tena. Anzia pale zinapoishia.

Jifunze pia kazi yenyewe inavyokwenda, angalau kwa kiasi cha kutokuaibisha. Filamu nyingi hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Sini zote za mahali pamoja hupigwa kwa mkupuo ili kuokoa muda na fedha, kiasi kwamba mwigizaji anaweza kulia kwenye mazishi ya mume wake wa kwenye filamu wiki mbili kabla ya kupiga sini ya kukutana naye. Anayelijua hilo anaweza kuuliza, “Siku ya kwanza mlipiga sini gani, na kwa nini mlichagua kuanza na hiyo?” Swali hilo linaonekana dogo, lakini karibu kila mara lina kisa ndani yake. Ujue vilevile kwamba si kila unachokiona kwenye kioo ni kazi ya mwongozaji. Mwanga na lenzi ni mambo anayoyaamua pamoja na mpigapicha mkuu, mwendo wa hadithi huundwa upya kwenye chumba cha uhariri, na neno la mwisho kuhusu nakala itakayoonyeshwa, kwa mujibu wa mikataba mingi, ni la mtayarishaji au kampuni. Ndiyo maana napenda kuuliza “Uamuzi huu ulifikiwaje?” badala ya “Kwa nini uliikata sini hii?”, kwa sababu huenda hakuikata yeye, na huenda bado inamuuma.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa François Truffaut, mwongozaji wa Ufaransa aliyeanza kama mhakiki. Mwaka 1962 alimwandikia barua mwongozaji mwenzake, Alfred Hitchcock, kumwomba wakae pamoja wazungumzie kazi zake zote. Mazungumzo yalianza Agosti mwaka huo huko Hollywood, yakaendelea kwa takriban wiki moja, wakizipitia filamu moja baada ya nyingine tangu zile za kimya, na kitabu kilichotokana nayo kikachapishwa mwaka 1966. Hitchcock alikuwa bingwa wa kuwachekesha waandishi kwa vijembe vilivyotayarishwa, na kwa njia hiyo akawa amejificha kwa miaka mingi. Mbele ya mtu aliyeijua kila filamu yake na aliyeuliza juu ya ujenzi wa sini, kujificha hakukuwa na faida tena.

Hata hivyo, nisikudanganye kwamba maandalizi hufungua kila mlango. Peter Bogdanovich, mwongozaji wa Marekani, alizijua filamu za mwongozaji mkongwe John Ford kama alivyozijua Truffaut za Hitchcock. Katika filamu ya hali halisi aliyoitoa mwaka 1971, anamwuliza Ford alivyoipiga ile sini kubwa ya watu wakikimbilia kugawana ardhi katika filamu yake ya mwaka 1926. Ford anajibu, “Kwa kamera.” Basi, hakuna zaidi. Ford alijulikana kwa kuwatesa waliomhoji, na sidhani kama swali jingine lingemlainisha. Lakini ona jambo moja: Bogdanovich hakulificha jibu hilo. Aliliacha kwenye filamu yake, na limetuonyesha tabia ya mzee yule zaidi kuliko ambavyo maelezo ya nusu saa yangeweza kufanya. Jibu fupi nalo ni jibu, ukijua kulitumia.

Sasa kuhusu orodha yako. Iandike, ikariri, kisha uiweke chini. Miaka iliyopita nilikwenda kumhoji mwongozaji mmoja nikiwa na maswali 24 yaliyopigwa chapa vizuri. Nilipokuwa nikiandika nakala ya mazungumzo nyumbani ndipo nilipomsikia, katikati ya jibu la swali la sita, akisema kwa sauti ya chini, “Hiyo ndiyo siku tuliyokaribia kuacha kabisa.” Kwenye kinasa sauti nasikika nikisema “Sawa,” kisha nasoma swali la saba. Sikupata tena nafasi ya kumwuliza. Tangu hapo naenda na mambo matano tu ambayo sitaki kuondoka bila kuyajua, na mengine yote nayafuata kadiri yeye anavyoyafungua. Akimaliza kujibu, ninahesabu kimoyomoyo hadi nne kabla sijasema chochote, maana mara nyingi lile jambo lenyewe huja baada ya mtu kudhani amemaliza.

Swali: Mimi hupewa dakika 15 tu hotelini, ofisa habari wa filamu ameketi pembeni, na safari ijayo tutazungumza kupitia mkalimani. Ushauri wa kukaa na mtu wiki nzima haunisaidii. — *Msomaji mwenye haraka*

Jibu: Una haki ya kulalamika. Katika dakika 15 usijaribu kuzungumzia maisha ya mtu, wala filamu nzima. Chagua jambo moja, kwa mfano sauti, au uhusiano wake na mwigizaji mmoja aliyerudi katika filamu zake tatu, na uanze nalo katika sentensi ya kwanza. Salamu iwe fupi, na sifa ziwe fupi zaidi, kwa sababu sifa ndefu humfanya mhojiwa ashukuru, na kushukuru nako kunakula muda. Usifunge maswali mawili kwenye kamba moja. Atalijibu lile jepesi na lile jingine litapotea.

Mkalimani hupunguza muda wako karibu nusu, kwa hiyo dakika zako 15 zihesabu kama nane. Uliza kwa sentensi zisizo na mafumbo, usiseme methali wala mzaha unaotegemea maneno, na umtazame mhojiwa unapouliza, si mkalimani. Truffaut mwenyewe alimtegemea mkalimani, Helen Scott, katika mazungumzo yale yote. Kama unaweza, zungumza na mkalimani wako mapema na umpe majina ya filamu na ya mafundi utakaowataja, asije akakwama katikati.

Ofisa habari yuko kazini kama wewe. Mwulize kabla ya kuanza kama kuna tarehe ambayo hamruhusiwi kuchapisha kabla yake, na kama kuna mambo ya hadithi wanayoomba yasifichuliwe. Swali gumu liweke baada ya katikati, lakini si la mwisho, kwani la mwisho ndilo rahisi kukatizwa.

Nenda na vinasa sauti viwili, vyenye betri zilizojaa, na uvijaribu humo humo chumbani kwa kuwa kiyoyozi kinaweza kumeza sauti ya mtu anayesema taratibu. Miaka saba kabla ya ile wiki ya mazungumzo na Hitchcock, Truffaut na mhakiki mwenzake, Claude Chabrol, walikuwa wakienda kumhoji mzee huyo huyo wakati wa baridi kali, wakakanyaga barafu ya bwawa lililoganda, ikapasuka, wakatumbukia pamoja na kinasa sauti chao. Mahojiano yaliahirishwa.

Swali: Filamu haikunipendeza hata kidogo, na mwongozaji ameomba aisome makala kabla haijachapishwa. Nikubali? — *Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Hayo ni mambo mawili. Kutoipenda filamu hakukuzuii kuwa mhojaji mwema, maadamu huendi kumsuta mtu wala kumdanganya kwamba umefurahi. Pale palipokuchosha pana uamuzi, na unaweza kuuliza juu yake kwa unyofu: “Sini ya sokoni inachukua karibu dakika tisa, mliwahi kuwa na nakala fupi zaidi?” Hukumu yako iandike kwenye uhakiki, mahali tofauti na chini ya jina lako.

Kuhusu kusoma makala, mimi hukubali kuthibitisha mambo ya hakika, yaani majina, tarehe, vyeo vya mafundi na tafsiri ya maneno aliyoyasema kwa lugha nyingine. Makala nzima sitoi, wala simwachii afute kauli aliyoitoa akijua kwamba anarekodiwa. Ninaweza kufupisha jibu lake na kuondoa kigugumizi, lakini sichukui jibu la swali moja nikalibandika chini ya swali jingine. Haya yote mweleze kabla hujawasha kinasa sauti.