Kabla ya kuwapeleka watoto matembezi ya porini Nairobi

Ukitaka kuwatembeza watoto porini hapa Nairobi, lipia mwongozaji. Kisha, kabla hamjaanza, mwambie umri wa watoto na kwamba hamna haraka ya kufika popote. Wengi wamezoea wageni wanaotaka kumaliza njia yote. Asipoambiwa atakwenda kwa mwendo huohuo, na kabla ya nusu ya safari utakuwa umembeba mtoto mgongoni.

Kwa wadogo kabisa, anzia Nairobi Safari Walk, pale lango kuu la Mbuga ya Taifa, Barabara ya Lang'ata. Njia ya mbao imeinuliwa juu, inapita oevu, savana na msitu, na wanyama mnawaona vizuri. Wakishafika miaka sita hivi, wapeleke Msitu wa Karura. Kule mnyama hakungoji, inabidi mtafute, na huko kutafuta ndiko kunakomfundisha mtoto kutazama.

Wangu walivutiwa mno na mbega, aina ya tumbili. Mwongozaji aliwasimamisha chini ya mti, akawaonyesha juu: manyoya meusi, na meupe marefu yakining'inia ubavuni. Akaokota kijiti. "Haya, kunjeni vidole gumba, mkishike bila kuvitumia." Wakahangaika kidogo, wakakishika. Akawaambia ndivyo mbega anavyoshika matawi, maana gumba lake limebaki kinundu tu. Akaendelea: chakula chake ni majani, na tumbo lake lina vyumba vya kuyachachusha, ndiyo maana akishakula hukaa kimya muda mrefu. Maswali hayakwisha. Mbega hao walirejeshwa Karura kutoka Kipipiri kuanzia 2014, na watoto walitaka kujua waliletwaje.

Kwa hiyo usimwulize mwongozaji mtaona wanyama wangapi. Mwombe awaonyeshe nyayo, kinyesi cha paa, msafara wa siafu. Kama watoto wamekua kidogo, mwombe pia awasimulie habari za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyeshambuliwa hapo Karura Januari 1999 alipokwenda kupanda miti kupinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi. Naona ni haki yao kujua kwamba miti hiyo ilipiganiwa.

Wavishe suruali ndefu na soksi, uwachomekee suruali ndani ya soksi. Siafu hawana huruma. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Kima wa Karura wanaijua karatasi ya mkate hata kwa mbali, na mtoto aliyeshika ndizi hataachwa salama. Msiwalishe kamwe, hata wakija karibu kwa upole, kwa sababu kima aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya.

Nendeni asubuhi, siku isiyo ya wikendi kama shule zimefungwa. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, njia ya kuteremka kwenye mapango ya Karura huteleza sana, basi siku hiyo badilisheni mpango mwende Safari Walk.