Umeitwa kusomea saikolojia na mzee hataki? Soma hapa

Mleta uzi, umeuliza kama saikolojia ni kukaa na wagonjwa wa akili tu, maana baba yako ameshikilia hivyo. Mimi pia niliingia chuo nikidhani hivyo.

Tawi analolijua mzee ni saikolojia ya tiba: sonona, hofu iliyopitiliza, skizofrenia (ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo). Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amesomea udaktari kwanza. Tawi jirani ni ushauri nasaha, wa mambo kama msiba, ndoa na ulevi. Hapa Kenya kazi hizi zina sheria yake tangu 2014, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni kupiga domo.

Kilichonishika mimi ni saikolojia ya elimu. Nilifanya mazoezi ya kazi katika shule moja ya msingi huku Eastlands, Nairobi. Kulikuwa na mvulana wa miaka tisa, kila siku anasimamishwa nyuma ya darasa, eti mvivu. Msimamizi wangu alimsomea hadithi ya fisi. Mtoto akaisimulia yote, hata rangi ya kikapu. Kisha akapewa kitabu. Kidole kikaganda chini ya neno "baba", midomo ikahangaika, akasoma "dada". Baada ya vipimo vya wiki mbili ikabainika ana disleksia: kuunganisha herufi na sauti kunamtatiza, akili anazo. Mama yake alipoelezwa alimshika mkono, akamwomba msamaha mbele yetu.

Saikolojia ya makuzi humfuata binadamu tangu uchanga hadi uzee. Na jambo hili wengi hawafundishwi: mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya utafiti wake Uganda, 1954 na 1955, akitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, akitazama mtoto anafanyaje mama akitoka na akirudi. Mengi tunayoyajua kuhusu mtoto kushikamana na mlezi yalianzia hapo jirani.

Saikolojia ya jamii utaiona stage. Matatu tupu watu huikwepa. Wakiketi wachache waliolipwa wajifanye abiria, wengine wanapanda. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha jambo la aina hiyo Marekani mwaka 1951: baadhi ya watu walioulizwa mstari upi una urefu sawa na mwingine walitaja usio sahihi, ingawa macho yao yaliona vizuri, kwa sababu wenzao wote walikuwa wameutaja huo.

Mengine kwa ufupi: saikolojia ya utambuzi huchunguza kumbukumbu, umakini na fikra, ya kazini hushughulikia uajiri, motisha na uchovu wa wafanyakazi, nyurosaikolojia huangalia ubongo, mfano mtu aliyeanguka na bodaboda akabaki anatafuta maneno aliyoyajua jana.

Mwaka wa kwanza utaonja karibu yote haya, kwa hiyo usichague tawi sasa. Ila takwimu anza kuifanyia mazoezi mapema, maana ndiyo iliyowaangusha wengi darasani kwetu.