Irisi ibaki mahali pake, fundo ndilo liifuate

Wadogo zangu mnaoanza ubingwa wa macho, mtashinda na mtoto wa jicho kila siku, ila irisi, ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni, wengi hawaifikirii mpaka siku imechanika. Kijana kapigwa fimbo, mboni haijikunji tena, jua la mchana linamtesa. Hapo ndipo mkono unawasha kushona.

Jueni kwanza mnachokishika. Irisi ikikatwa haiungi yenyewe. Tundu la iridotomia, lile tunalolitoboa makusudi kwenye irisi, hubaki wazi miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana tunashona kwa uzi wa polipropilini 10-0, mwembamba kuliko unywele, usioyeyuka. Na irisi ukiivuta kwa nguvu, inabanduka shinani na damu inajaa chemba ya mbele, ile nafasi iliyo kati ya irisi na konea, kioo cha mbele cha jicho.

Daktari McCannel mwaka 1976 alitufundisha kushona kupitia vitundu vidogo vya konea, lakini ili ufunge fundo ilibidi irisi ivutwe kuelekea kwenye tundu. Daktari Siepser, mwaka 1994, akaigeuza kazi: fundo unalifunga nje ya jicho, kisha ukivuta uzi linateleza hadi ndani. Mimi nafundisha hii kwanza, hata kama wakubwa wengine wanaiona ya mizunguko mingi.

Jaza chemba jeli ya upasuaji, ili isisinyae. Pitisha sindano ndefu kwenye kitundu cha kwanza, ichome kingo mbili za irisi, ipokee kwa sindano yenye tundu iliyoingia upande wa pili. Sasa vuta kitanzi kutoka kwenye uzi wa upande wa mbali, ukitoe kwenye kitundu cha kwanza. Wanafunzi hunaswa hapa: wanavuta uzi wa karibu, na fundo halikazi hata uvute vipi. Fanyeni mazoezi mezani, kwa kamba nene mbili za rangi tofauti, mpaka vidole vijue bila kuambiwa.

Madaktari Narang na Agarwal mwaka 2017 waliifupisha njia hiyo: pita mara moja, zungusha uzi mara nne kitanzini, vuta, hakuna fundo la pili. Ni haraka, na irisi inaguswa kidogo zaidi.

Halafu wazee wa tezi dume. Kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, waulizeni kama wametumia tamsulosini, dawa ya tezi dume, hata kama waliacha zamani. Madaktari Chang na Campbell walilieleza mwaka 2005 tatizo linaloletwa na dawa hiyo: irisi inalegea, inapepea, inachungulia kwenye jeraha, mboni inasinyaa katikati ya kazi. Mzee akisema ndiyo, kulabu za irisi, za kuishikilia mboni ibaki wazi, ziwe mezani kabla hujakata.