Orodha itangazwe, fainali ikishaisha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mchezaji wa karata za mashindano aliyeshinda anapaswa kutangaza orodha ya karata alizoshinda nazo, au ana haki ya kukaa nayo kimya. Mimi nasema atangaze, tena yote, pamoja na zile za akiba, ila asubiri mashindano yaishe. Wengi niliowasikia wakilijadili wanalifanya suala la uchoyo na ukarimu. Mimi naliangalia kwa jicho la mtu anayecheza akiwa mbali na meza kubwa.

Kwa msomaji asiyecheza: hapa hatuzungumzii karata zetu 52 za shupaza na kopa, ambazo wote mnagawiwa kutoka fungu moja na mjanja ni yule anayejua lini aitoe turufu. Nazungumzia michezo kama Magic: The Gathering, alioubuni Richard Garfield ukatoka mwaka 1993, ambao kila mtu huja na fungu lake alilolipanga mwenyewe. Sisi tunaliita deki. Deki haipungui karata 60, na karata ya jina moja haizidi nne, isipokuwa ardhi za msingi, yaani zile zinazokupa mana ya kulipia karata nyingine. Pembeni unaruhusiwa karata 15 za akiba za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza. Karata za kuchagulia ni maelfu kwa maelfu, kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hujavuta kiti, na kazi hiyo ndiyo tunayoigombea.

Nianze na siri, maana kwa wakati wake naitetea. Februari 2016, kwenye Pro Tour ya Atlanta, Marekani, yaani mashindano makubwa ya wachezaji bora wa Magic, zaidi ya kundi moja la wachezaji wakubwa lilifika na jambo lilelile mfukoni, kila kundi limeligundua kivyake: ardhi mbili, Eye of Ugin na Eldrazi Temple, zilikuwa zinawashusha bei ya mana majitu wapya wa Eldrazi kupita kiasi. Jitu linaloitwa Eldrazi Mimic hugharimu mana mbili, lakini Eye of Ugin ikiwa mezani linashuka bure. Hapo hata mpinzani hajaweka ardhi yake ya pili. Kati ya deki nane zilizoingia robo fainali, sita zilikuwa za Eldrazi. Hawakumwambia mtu mapema, na walikuwa na haki kabisa. Kundi likishinda kwa jambo lililolinyima usingizi, hiyo ni jasho lake. Na mwanakundi anayevujisha orodha ya wenzake usiku wa kuamkia mashindano simtetei hata kidogo.

Sasa, wanaopinga kutangaza hupenda kuutumia mfano huohuo. Wanasema: ona kilichotokea baada ya orodha kutoka, kila mwenye uwezo akanakili, mashindano yakajaa Eldrazi wiki hadi wiki, mchezo ukachosha. Ni kweli ulichosha. Lakini kosa lilikuwa kwenye karata, na orodha iliyotangazwa ndiyo iliyoliweka kosa hilo mbele ya macho ya kila mtu, hadi Aprili Eye of Ugin ikapigwa marufuku katika mfumo ule wa mashindano uliochezwa Atlanta. Orodha zingebaki siri za watu wachache, hao wachache wangeendelea kutuchapa huku sisi tukidhani hatujui kucheza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Atlanta hiyohiyo, miaka 20 nyuma. Mwaka 1996, kwenye mashindano ya kufuzu Pro Tour, mchezaji aitwaye Paul Sligh alishika nafasi ya pili akiwa na deki nyekundu ambayo ukiisoma leo bado utatabasamu. Ndani yake kulikuwa na Ironclaw Orcs wanne. Huyu ni kiumbe wa mana mbili, nguvu mbili, uhai mbili, na ni mwoga: hawezi kumzuia kiumbe yeyote mwenye nguvu ya mbili au zaidi. Watu walikuwa wanazitupa karata hizi kwenye maboksi. Sligh alikuwa nazo nne, pamoja na viumbe wengine wa bei ya chini na Lightning Bolt, ile karata ya mana moja inayomkata mpinzani pointi tatu kati ya 20 alizoanza nazo.

Aliyeibuni deki ile alikuwa Jay Schneider. Wazo lake lilikuwa kwamba usiulize karata gani ni nzuri, uliza mzunguko wa kwanza utatumia nini, wa pili nini, wa tatu nini, mana isilale bure hata mara moja. Ndiyo maana yule mwoga wa mana mbili alipata nafasi: alikuwa anajaza pengo la mzunguko wa pili. Orodha ikasambaa kwenye intaneti ya wakati ule, na watu wakajifunza kuzihesabu karata kwa gharama zake kabla ya kuzihesabu kwa uzuri. Nani alinufaika? Aliyekuwa na boksi la karata za kawaida na hana pesa ya zile za fahari. Siri isingemfikia huyo. (Deki ikabaki na jina la Sligh, na Schneider wanamkumbuka wachache. Ukinakili, taja pia aliyebuni, si aliyeshika tu.)

Kwani hata wenye mchezo walishaamua zamani. Baada ya Pro Tour ya kwanza, New York, 1996, kampuni ya Wizards of the Coast ilizichapa deki zote nane za robo fainali ikaziuza, kisha ikaendelea na deki za mabingwa wa dunia hadi 2004. Ukingo wake ulikuwa wa dhahabu, mgongo wake tofauti, na saini ya mchezaji imechapwa juu. Kuzitumia mashindanoni ni marufuku. Zilikuwa za kujifunzia.

Nimesema nacheza mbali, nieleze umbali wenyewe. Mchezaji wa Marekani au Uingereza ana duka la karata, Ijumaa jioni anakuta watu wa kujaribu nao, akibahatisha vibaya anabadilishana na jirani. Mimi na wenzangu hapa Mwanza tunacheza kwa simu, kwenye Magic Arena. Humo hununui karata moja moja wala hubadilishani na mtu. Unafungua pakiti, na taratibu unapata jokeri, ambazo unazigeuza kuwa karata unayoitaka. Jokeri za karata adimu zinakuja kwa kusuasua. Ukizimaliza kwenye deki mbovu, umekwama hadi ukusanye tena. Kwa mtu kama huyo orodha ya mshindi ni maandishi mafupi tu anayoyanakili na kuyabandika, lakini ndiyo inayomzuia asiteketeze kila alichonacho kwa kubahatisha.

Kuna hoja moja dhidi yangu yenye uzito: bei. Kwa karata za makaratasi, orodha ikishinda Jumapili, Jumatatu karata yake kuu imeshapanda, na walanguzi wamekomba zilizobaki. Inauma, siwezi kukataa. Lakini siri haiwazuii walanguzi, inabadilisha tu nani anawahi. Wanaoijua deki kimyakimya hununua wakati bado ni rahisi, na sisi tunakuja kusikia bei imeshakimbia.

Hoja ya kwamba anayenakili anapata ushindi wa bure, hiyo siipi uzito. Kikosi cha Simba au Yanga hutangazwa kabla ya mpira kuanza, na bado hujasikia timu iliyofungwa ikisema tatizo lilikuwa ni kutangaza kikosi. Orodha yenyewe ina lugha yake, na anayeinakili bila kuielewa atapigwa. Ukiona karata iko nne, mwenye deki anataka kuiona kila mchezo: katika deki ya 60, uwezekano wa kuwa na angalau moja kati ya zile saba za kwanza ni karibu asilimia 40. Ikiwa tatu, mara nyingi ni nzuri ila hataki mbili zimgandie mkononi. Ikiwa moja, uwezekano wa kuanza nayo ni kama asilimia 12, basi ama ana karata nyingine ya kuitafutia, ama ni ya mwishoni mwa mchezo, ama aliokota alichokuwa nacho asubuhi ile. Haya hayakuandikwa kwenye orodha. Unayasoma mwenyewe, na ukikosea unalipa.

Siku hizi kwenye mashindano makubwa wapinzani huoneshana orodha kabla hata ya mechi, na bingwa bado anapatikana. Kwenye bridge, mchezo wa karata 52 unaoanza kwa mnada, sheria inawataka wachezaji wawili wanaocheza pamoja wawaeleze wapinzani maana ya mnada wao, na bado ni mchezo unaoumiza vichwa. Pale ninapoyumba kidogo ni kwenye wingi. Mwaka 2017 kampuni ilipunguza orodha za ligi za Magic Online, yaani Magic ya kwenye kompyuta, zilizokuwa zikitangazwa kila siku, kutoka 10 hadi tano, ili watu wasizichambue orodha nyingi kwa kompyuta wakajua deki bora kabla wengine hawajaanza kucheza. Naielewa hatua ile. Ila orodha ya kila siku ya ligi ni jambo moja, na orodha ya aliyebeba kombe ni jambo lingine.

Wala simtaki mshindi afanye kazi ya bure. Wachezaji wakubwa wengi hula kwa kuandika na kufundisha, na maelezo ya kwa nini walichagua karata hii wakaacha ile wana haki ya kuyauza. Orodha iwe ya wote, darasa liwe la kulipia. Ninachoomba juu ya hapo ni kwenye zile 15 za akiba, maana ndizo orodha inazozisema kidogo kuliko zote: unaona karata inayoingia, huoni inaingia dhidi ya nani, wala ipi inatoka kuipisha. Aandike mistari miwili hapo chini, inatosha. Tukipata na hiyo, wa Mwanza tutajitegemea.