Nembo kwenye jaketi la rubani: anza na lebo

Hapa Mwanga, belo likifunguliwa na jaketi la rubani likatokeza na nembo kifuani, bei hupanda kabla hata zipu haijajaribiwa. Nayapenda sana majaketi haya, nimeyachambua na kuyauza kwa miaka, na vijana wanaoniuliza nawaambia hivi: nembo ni kitu rahisi kuliko vyote kuongezwa kwenye jaketi. Fundi yeyote mwenye cherehani anaishona mara moja. Soma jaketi kwanza, nembo baadaye.

Tafuta lebo kwenye kola au ndani ya mfuko. MA-1, lile la nailoni lenye bitana ya rangi ya chungwa, likiwa la jeshi la Marekani huandikwa MIL-J-8279 na herufi mwishoni. CWU-45/P, lenye kola ya kulala, huwa na MIL-J-83388. G-1, la ngozi, la marubani wa wanamaji, lina MIL-J-7823, na ukifunua kile kipande cha ngozi nyuma ya zipu, mara nyingi utakuta USN, yaani Jeshi la Wanamaji la Marekani, imeandikwa kwa matundu madogo. Halafu kuna namba ya mkataba. Ikisomeka DSA100-68-C, ile 68 ni mwaka wa bajeti, yaani 1968. Ikianza na DLA, jaketi ni la 1977 au baada ya hapo, maana ndipo idara ya ugavi ya jeshi la Marekani ilipobadilishwa jina kutoka DSA kuwa DLA.

Kampuni za mitindo nazo huiga lebo, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Ila lebo isiyo na namba kabisa, yenye saizi na maelekezo ya kufua tu, kwa kawaida ni ya jaketi la dukani. Hilo nalo linafaa sana kwa baridi ya asubuhi kule Kasulu. Liuze kwa bei ya jaketi.

Sasa ilinganishe nembo na jaketi lenyewe. Nyota nyeupe yenye doa jekundu katikati na mabawa ya dhahabu ni ya Army Air Forces, jeshi lililokuwapo kabla Jeshi la Anga la Marekani halijaanzishwa mwaka 1947. MA-1 ilikuja baada ya hapo. Ukiikuta nyota hiyo kwenye MA-1, ujue kuna mtu ameiweka kwa kupenda urembo. Ngao ya buluu yenye mkono wa chuma ulioshika radi na tawi la mzeituni ni ya Strategic Air Command, kamandi ya Jeshi la Anga la Marekani iliyovunjwa mwaka 1992.

Umbo nalo linasema. Katika Jeshi la Anga, nembo ya duara kwa kawaida ni ya skwadroni, na ngao ni ya kikosi kikubwa zaidi au kamandi nzima. Kwa wanamaji soma herufi: VF ni ndege za kivita, VP ni za doria. Jaketi la mwanamaji linaweza kujaa nembo nyingi na bado likawa halisi, kwa sababu marubani wao walishona kumbukumbu za safari za melini. La Jeshi la Anga likijaa hivyo, shuka bei.

Kwa nembo inayodaiwa kuwa ya Vita vya Pili, azima kwa wakala wa pesa ile taa ya kukagulia noti. Nyuzi za kisasa za poliesta hung'aa sana chini yake, za pamba ya zamani hazing'ai hivyo. Lakini sabuni ya unga nayo huacha mng'ao kwenye pamba, kwa hiyo linganisha nembo na kitambaa kilicho jirani yake. Inua pia ukingo wa nembo kidogo: kama ilikaa miaka mingi, rangi iliyojificha chini itakuwa imekolea kuliko ya pembeni.

Jambo moja lisichezewe. Mwaka 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, iliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Nguo ya mabakamabaka au yenye alama za jeshi letu usiitundike mezani hata kama imetoka ndani ya belo, na jaketi la kijeshi ambalo una shaka nalo, uliza polisi kabla hujaliuza.

Na tafadhali usibandue nembo ili uiuze peke yake. Mteja wa mbali mtumie picha ya lebo, ya nembo kwa mbele, na ya upande wa ndani, pale mshono ulipotokeza.