Kabla Hujanunua Dashibodi Nyingine

Nikiwasha indiketa, taa za dashibodi nazo zinapepesa na mshale wa joto unapanda. Nikizima unarudi. Nibadilishe dashibodi?

Usibadilishe kitu. Swali hili huja kila mara, na kila mara najibu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Umeme wa indiketa ukikosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri, hujipenyeza kwenye saketi za jirani, na mshale unasoma uongo. Weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye volti za DC (umeme wa betri). Ncha moja iguse negativu ya betri, nyingine nati ya ethi iliyo nyuma ya dashibodi, kisha washa taa kubwa, indiketa na feni. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, pana kutu au nati imelegea. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Angalia pia ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari na injini. Halafu pima betri yenyewe: injini ikiwa imezimwa na gari limetulia, kama volti 12.6, ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.5 kwa magari mengi. Mjumbe hauawi, na fundi anayekutuma ukanunue dashibodi kabla hajashika multimita anakula hela yako tu.

Spidi haisomi. Tatizo ni nini?

Hukutaja gari, hukutaja mwaka, hukusema kama kilomita bado zinahesabu. Anza na sensa ya spidi kwenye giaboksi na soketi yake. Kama taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) nayo inawaka, nenda kwenye sensa za magurudumu.

Fundi ametoa balbu ya taa ya oili kwa sababu ilikuwa inawaka muda wote. Ni sawa?

Si sawa. Rudisha balbu, pima oili kwa kijiti, na presha ipimwe kwa geji ya mkono kabla gari halijatembea tena. Fundi huyo usimrudie.

Dashibodi inazima yote, nikiipiga kofi inarudi. Nyumbani wanasema gari lina pepo.

Lina risasi ya kulehemu iliyopasuka. Kwenye pini za soketi, pale zinapoingia kwenye bodi ya saketi, joto na mtikiso vya miaka hukata risasi kwa duara jembamba kama unywele, ambalo hulioni bila kioo cha kukuzia. Kofi linaigusanisha kwa muda. Ondoa kwanza negativu ya betri, subiri dakika kadhaa kwa sababu ya eabegi, toa dashibodi, kisha choma upya kila pini kwa pasi ndogo ya kulehemu. Ile kubwa ya kuchomea masufuria itang'oa njia za shaba, na hapo ndipo utaihitaji kweli dashibodi nyingine.

Ikiwa taa ziko sawa ila mshale mmoja umekwama au unaelekea upande usio wake, chunguza mota yake ndogo. Malori madogo ya GM ya miaka ya 2003 hadi 2006 yanajulikana kwa ugonjwa huu. Mota hubadilishwa peke yake. Weka alama mahali mshale ulipo kabla hujaung'oa.

Geji ya mafuta imelala chini na tanki limejaa.

Kwa magari ya zamani, chomoa soketi ya flota (boya la ndani ya tanki linalopima mafuta), fungua swichi, kisha gusisha waya wa geji kwenye ethi. Mshale ukikimbilia upande wa pili, dashibodi ni nzima na flota ndiyo mbovu. Hakikisha hukushika waya wa pampu, na usifanye hivyo palipo na harufu ya petroli. Kwa gari ambalo kompyuta ndiyo inayosoma flota, tumia mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Nimefunga dashibodi ya gari jingine la aina ile ile. Injini inawaka kidogo inazima. Tena kilomita zimepungua, naweza kuuza hivyo?

Kwenye baadhi ya magari, Volkswagen za mwisho wa miaka ya 1990 zikiwemo, kizuia wizi kimo ndani ya dashibodi. Hiyo uliyofunga haiutambui ufunguo wako. Inahitaji kuoanishwa kwa kompyuta. Ungepima ile ya kwanza usingefika hapa. Kuhusu kuuza: huo ni wizi. Marekani, kama kilomita halisi haziwezi kurudishwa, sheria inataka mita ianzie sifuri na tangazo libandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Na magari mengi ya sasa huhifadhi kilomita kwenye kompyuta zaidi ya moja, kwa hiyo mnunuzi mwenye mashine atakuumbua.

Taa ya betri haiwaki kabisa, hata nikifungua swichi. Ndiyo kusema chaji ni nzuri?

Kinyume chake. Lazima iwake kabla injini haijawaka. Kwenye alternata (mashine inayochaji betri) nyingi za zamani, umeme wa kuiamsha hupitia balbu hiyo hiyo. Weka balbu ya wati zile zile. Ya LED hupitisha umeme kidogo mno, na alternata huenda isiamke.